Pasipoti ya Mama Iko Kwenye Droo Yangu

Mama Tabea mpendwa,

Shikamoo, ila kabla hujaitikia soma barua hii mpaka mwisho, maana huenda ukaninyima marahaba. Mimi ni msomaji wa safu yako wa siku nyingi, nina watoto watatu, naishi Terrat na kazi yangu ni ya ofisini huku Themi, na msaada ninaoomba unamhusu mama yangu mzazi, Bi Mwamvua, miaka sitini na saba, ambaye Elerai wanamjua kwa mashine yake ya kusaga, miaka thelathini na moja amesimama pale tangu baba alipofariki, ametulea wanne kwa kusaga mahindi ya watu, na kwa ule mngurumo nyumbani kwetu wote tunaongea kwa kupaza sauti, hata mume wangu siku aliyokuja kujitambulisha alidhani tunagombana.

Sasa mwaka juzi mama alikwenda Mwali, kile kisiwa kidogo kabisa cha Komoro, kwa ndugu wa bibi yake mzaa mama aliokuwa akiwasikia tu, akakaa mwezi mzima, na aliporudi, Mama Tabea, alikuwa anaongea taratibu mpaka inabidi umsogelee, akatuambia kule asubuhi unamsikia jirani wa nyumba ya tatu akifagia uwanja, magari ni ya kuhesabu, binamu yake ana nyumba ya vyumba viwili na yeye mama anataka kwenda kuishi humo moja kwa moja. Tulicheka. Kumbe mwenzetu hatanii, mashine amemkodishia Parsimei, mfanyakazi wake wa miaka mingi, vyombo amegawa, tiketi amekata, na nilipomuuliza anatuachia nani akasema, "Salha, mimi nimeshawalea. Kama kuna niliyemsahau anyooshe mkono." Hata Parsimei, niliyemtegemea amzuie, akaniambia, "Dada, mwache mama aende. Ametusagia vya kutosha."

Hapo ndipo shetani aliponipitia. Wiki tano zilizopita nilikwenda kuwachukua watoto, maana hushinda kwa mama nikiwa kazini, nikafungua sanduku lake la nguo, nikaitoa pasipoti, kesho yake nikaifungia kwenye droo ya ofisini, nikajiambia ni kwa muda tu, mpaka hilo wazo limtoke. Nilitegemea atakasirika, atalalamika, safari ipite. Hakukasirika, Mama Tabea, alianza kutafuta, amekung'uta nguo zote, amegeuza magodoro, amepekua mpaka magunia ya pumba kule mashineni, halafu akaanza kuandika vikaratasi na kuvibandika ukutani, gesi nimefunga, dawa ya presha nimekunywa, mlango wa nyuma nimefunga. Jumatatu nilimsindikiza mwenyewe polisi kuchukua ripoti ya upotevu, afande akamuuliza mara ya mwisho uliiona wapi, mama akanigeukia mimi, "Eti Salha, niliiweka wapi?" nami nikajibu, "Sijui, mama." Wakati tunarudi akasema, "Labda nisiende tena. Mtu aliyeanza kupotewa na akili haendi kukaa peke yake ugenini."

Yaani nimepata nilichokuwa nakitaka na sina raha nacho. Safari ni mwisho wa mwezi huu. Nimefikiria niirudishe kimyakimya, niichomeke chini kabisa ya sanduku, aikute mwenyewe, afurahi, yaishe bila mtu kuumia. Nifanye hivyo, au nivumilie mpaka ndege iondoke? Akiugua huko mbali nani atampa maji? Nisaidie, nateketea.

Salha, Terrat

*

Salha,

Marahaba nakupa, ila kwa shingo upande. Jina nimekubadilishia, na la mama yako pia, lakini mashine za kusaga Elerai si mia. Gazeti hili likifungiwa maandazi pale mashineni mama atajisoma mwenyewe, kwa hiyo mwahi.

Nianze na aliyenifurahisha, naye si wewe. Mwanamke amesimama kwenye vumbi la unga miaka thelathini na moja, amewasomesha wanne, halafu badala ya kukaa barazani kungoja khanga ya Idi, anatafuta pa kupumzika, anakwenda kupakagua mwezi mzima, anapata nyumba, anaiacha mashine kwa mtu anayemwamini, anakata tiketi. Meza yangu imejaa barua za wazee waliosahauliwa na watoto wao. Leo nimepata mzee anayejua anakokwenda, watoto ndio wamemng'ang'ania upindo wa nguo. Mfikishie hongera zangu, na mwambie zina wivu ndani yake. Mimi nina miaka sitini na mbili na bado sijajua nitapumzikia wapi.

Sasa wewe. Unaogopa nani atampa maji huko Mwali. Mbona kule ana binamu, ana ndugu wa bibi yake, na mwezi mzima hakulala na kiu? Nimesoma barua yako mara mbili na nimewaona watoto watatu wanaoshinda kwa bibi yao. Jiulize kama hofu yako ni mama kuugua, au ni ile Jumatatu ya kwanza utakapofika Elerai na kukuta mlango umefungwa. Sikulaumu kwa kumtegemea, wengi tumelelewa hivyohivyo. Ila hilo ni la kukaa na mumeo mkatafuta msaidizi, wala halihitaji wizi. Na shetani mwache apumzike, ufunguo wa droo unao wewe.

Usithubutu kuirudisha kimyakimya! Lile sanduku amelikung'uta mara ngapi? Akiikuta humo kesho atakuwa amepata ushahidi kwamba kweli kichwa kimeharibika, kwamba kitu kilikuwa mbele ya macho yake wiki tano asikione. Wewe utatoka umetakata, yeye ataishi na ugonjwa asiokuwa nao mpaka anaingia kaburini. Kumzuia safari ni kosa, lakini kumfanya mtu mzima aiogope akili yake mwenyewe ni dhambi, na inatubiwa kwa mdomo.

Omba ruhusa leo, usingoje Jumamosi. Nenda mashineni, mwombe Parsimei azime kwa dakika kumi, umpe mama pasipoti mkononi. Atakufokea, na ana haki. Pengine atakunyamazia, hiyo ni mbaya zaidi, nayo uivumilie. Kisha mrudi polisi mkaseme imepatikana, isije ile ripoti ikamkwamisha uwanja wa ndege, na afande akiuliza ilikuwa wapi ujibu wewe. Vile vikaratasi ukutani vibandue kwa mkono wako. Halafu fanya kazi ya mtoto: mpeleke kwa daktari wake apewe dawa za presha za kutosha, muulizie ubalozini habari za kibali cha kuishi kule, mpange siku ya kupigiana simu, na likizo ya Desemba wapeleke wajukuu wakaone bibi yao anakoishi. Akipachoka atarudi, Elerai haihami.

Najua ukimtazama usoni maneno yatakukauka, basi nakuazima haya: "Mama, akili yako ni nzima. Niliiba mimi." Ukishayasema, nyamaza umsikilize.

Mama Tabea