Muchanga Nilioushindilia

Mpendwa papa,

Unisamehe. Tangu mvua ianze nilitaka kukuandikia, na sasa mvua inaisha. Mara tatu umeniuliza kwa simu, "Manjano iko muzuri?" Nikajibu iko. Nilikudanganya. Mutoto alikuwa na homa, ndiyo, na kazi ya kushona haiishi, lakini si hayo yaliyonizuia. Manjano, samaki wa maman, alikufa, papa, na ni mimi nilimuua.

Unakumbuka siku ulileta ile akwariumu, lile sanduku la vioo la kufugia samaki, toka Muhumba? Yule daktari uliyekuwa unamulindia nyumba alirudi kwao, akakuachia vyote: vioo, pompi, matumbawe, ndoo za chumvi, na Manjano mwenyewe. Majirani wa Bagira walikuja kucheka. "Muzee, ziwa nzima iko pale chini, wewe unafunga maji mu saloni? Tena unaitia chumvi?" Na maman, toka jikoni: "Mumuache. Hata mie nilizani niliolewa na mutu wa akili."

Lakini ni yeye aliyeishia kuipenda. Kila asubuhi alikaa na chai yake mbele ya kioo, akingoja Manjano atoke mule muchangani alimolala. Kichwa kikichomoza, anasema, "Huyu amefufuka tena. Twende misa." Alipokuwa hawezi kuamka, tulimulaza saloni, uso upande wa kioo.

Tulipomuzika, ukaenda kwa tonton, ndugu yako, Dar es Salaam. Sikukulaumu. Kisha ukatuma gunia ya muchanga wa bahari, ukasema ule wa zamani ni kidogo, Manjano anakwaruza tumbo kwa kioo cha chini. "Kikombe kimoja kwa juma. Na ungoje kwanza aamuke." Nilikusikia vizuri.

Ile asubuhi mutoto alikuwa mugongoni analia, umeme umerudi kisha siku mbili za giza, na mimi nilitaka kazi hata moja tu iishe. Nikamwaga gunia yote. Halafu nikaushindilia kwa kiganja, papa, vile ulitufundisha tungali Cimpunda, wakati mvua ilikuwa inachukua nyuma ya nyumba: udongo usioshindiliwa unaenda na maji. Sikuwaza kwamba chini kulikuwa na mwenye kulala.

Saa sita hakuwa ametoka. Nikachimba kwa mukono. Maji ikawa nyeusi, ikanuka mayai mabovu. Nilimukuta amelala tu, kama mutu ambaye hajaambiwa kumekucha.

Nilimufunga mu kipande cha kitenge cha maman, nikamuzika nyuma ya nyumba. Shangazi alisimama akaniangalia. "Samaki mubichi, ndiyo unazika, hupiki? Mu Bukavu hii?" Nikacheka, kisha nikalia mpaka akaniondolea mutoto mugongoni. Siku ya maziko ya maman nilikuwa napikia watu. Sikupata nafasi.

Shangazi anasema tuuze vioo, tuweke kabati. Nimekataa. Lile tumbawe la zambarau lingali linafunguka, na mjukuu wako anasimama kwa vidole kuliangalia. Muchanga wote niliutoa, ule uliobaki safi nikauosha, na kila juma, siku ya posho, ninateremusha kikombe kimoja kwa tiyo, ule mupira wa maji, polepole, bila kuugusa. Umefika kina cha vidole vitatu.

Ila nikuambie jambo moja, na usikasirike. Kwa simu unauliza samaki, unauliza pompi. Huulizi kaburi ya maman. Musalaba wa mbao umeinama, na sitaki kuuinua peke yangu. Mimi ninaweza kulinda maji yako. Kulia kwako siwezi kukulilia.

Ubaki na amani, papa. Vitu vinavyokosekana ni hivi, umupe yule mufanyabiashara aliyetuletea gunia, akipita:

Chumvi ya akwariumu, ndoo mbili. Si ya kupikia.
Muchanga wa bahari, kilo tano, ule laini.
Kipimo cha chumvi, chetu kilipasuka.
Mupira wa pompi.

Samaki usimupe. Huyo umulete wewe mwenyewe.

Binti yako,
Mama Ushindi