Nibu ya Biblia ya Adhiambo

Nyamira,
Jumanne jioni.

Mama mpendwa,

Dada Anyango aliniambia kwa simu jana kwamba umeirudisha ile kalamu ya wino kwenye kasha lake, na kwamba umemruhusu kaka Okoth achapishe stika ya kubandika kwenye Biblia ya Adhiambo. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, ili kama kuna kosa liwe lake. Jambo hilo ndilo lililoniketisha hapa na nitalifikia. Lakini wewe hukutulea tuingie nyumbani kwa mtu na kuanza na shida kabla ya kuuliza hali.

Basi, Mama, vidole vinasemaje asubuhi kabla jua halijavipasha? Anyango anasema siku hizi unashika kikombe kwa mikono miwili, na wageni unawaambia kwamba ni heshima kwa chai. Nilicheka, kisha nikaacha.

Mimi ni mzima. Mvua inanyesha kila alasiri, na sweta yangu inanuka moshi kwa kuwa huku nguo haikauki ila ikianikwa karibu na jiko. Wiki iliyopita mvua ya mawe iliangukia mashamba ya chai, na wakulima walinionyesha miche iliyobaki vijiti vitupu. Nilikwenda pia Kenyenya kuandika habari ya soko, nikarudi na tope hadi magotini. Ofisi sasa inataka nipige video kwanza na kuandika baadaye. Napiga, kisha naandika kwenye daftari, maana video haionyeshi nani alikataa kujibu akageuka kununua ndizi.

Tuje kwenye kalamu.

Wajukuu wako wote waliopata kipaimara wana Biblia yenye sentensi moja ya mkono wako kwenye ukurasa mtupu wa mwanzo. Hujawahi kuwaandikia aya. Ulisema aya zimo ndani tayari. Kwa mwanangu Otieno uliandika, "Mtu akianguka, mwinue kwanza, ucheke baadaye." Sasa Otieno ana ndevu, na mtu akiteleza mbele yetu bado ananitupia jicho kabla ya kucheka. Kwa dada yake uliandika, "Ukijua jibu, mwachie mwenzako nafasi ya kulitafuta." Hilo hajalitii bado, lakini analijua kwa moyo.

Amebaki Adhiambo, kitinda mimba wa Anyango. Mwezi uliopita alinipigia simu kunishtakia bibi yake, yaani wewe.

"Mjomba, Dani amesema sentensi yangu iko tayari tangu nikiwa darasa la nne."

"Inasemaje?"

"Hataki kuisema! Anasema haisemwi, inaandikwa. Na sasa anasema mkono umekataa."

"Umemwambia akuambie, uiandike mwenyewe?"

"Nimemwambia. Ameniuliza kama nimewahi kuona mtu akijibariki."

Baada ya simu hiyo nikaenda Kisii mjini kutafuta kalamu ya wino. Biro inataka kukandamizwa, na vidole vyako haviwezi tena kukandamiza. Kalamu ya wino haitaki nguvu. Ukiilaza tu juu ya karatasi, wino unashuka wenyewe. Hayo nilikuwa nayajua. Nisilolijua ni kwamba kazi yote iko kwenye nibu, ile ncha ya chuma inayogusa karatasi.

Katika duka la vifaa vya shule nilimkuta kijana mmoja, akatoa kalamu mbili za bei ya kawaida, zinazofanana kwa kila kitu. Nikamuuliza tofauti.

"Hii ina F, hii ina M, mzee. Imeandikwa hapo kwa nibu."

"F inaandika mstari mwembamba, M ya wastani?"

"Ndiyo. Lakini watu hawaulizi hiyo. Wanauliza kama iko na ya bluu."

Nilizijaribu zote mbili kama kila mtu anavyojaribu kalamu: nikatia sahihi yangu. Sasa najua kwamba hilo ni jaribio bovu. Sahihi mtu huiandika mbio bila kufikiri, na hata ukimpa mkaa ataitia vilevile. Zote mbili zikaonekana nzuri, nikanunua zote mbili.

Nyumbani nikakumbuka karatasi ya Biblia. Ile niliyomnunulia Adhiambo ni ya kawaida, na ukurasa wake mtupu ni mwembamba kama kurasa nyingine; ukiuinua mbele ya dirisha unauona mkono wako upande wa pili. Sikutaka kuujaribia huo. Nikamwendea mwenye nyumba wangu, Mama Kemunto, mjane anayelima chai nyuma ya vyumba vyetu. Ana Biblia ya zamani iliyoachana na jalada lake. Nikamweleza shida yangu, na nikaona haya kidogo kumwomba karatasi ya Biblia.

"Ukurasa mtupu hauna neno la Mungu," akasema. "Chukua hizo mbili za mwisho. Hizo zilizoandikwa ndizo usiguse."

Nikaandika mstari kwa M. Wino ukasambaa kama maji ya ugali yaliyofurika, na nilipogeuza karatasi, maneno yalikuwa yametokea upande wa pili. Mama Kemunto, ambaye huniita Tata, yaani baba, akainama juu ya meza.

"Tata, umebatiza upande huu na ule kwa mara moja. Kasisi atakosa kazi."

Nikaandika kwa F. Mstari ukakaa safi, upande wa nyuma mweupe. Kesi ikaisha pale pale, na mimi ndiye niliyekuwa hakimu. Nikafunga kalamu ya F kwenye kasha, nikakutumia, na mimi nikajinunulia nyingine kama hiyo. Huo ndio uamuzi ulioupokea mikononi mwako.

Jana ndipo Anyango akapiga.

"Ameandika?" nikamuuliza.

"Ameandika 'Kwa Adhi' kwa daftari, akaishia hapo. Akaitazama. Akaniuliza kama umemtumia kalamu ama sindano."

"Halafu?"

"Karatasi imekwaruzika, na ile herufi ya A inatetemeka kama kuku amenyeshewa. Amefunga kifuniko. Akasema nimwambie Okoth aende achapishe stika yake."

"Alisema kwa hasira?"

"Angesema kwa hasira ningekupigia simu kwa nini? Amesema polepole."

Okoth nilimpigia pia, ili nisikie upande wake. Anasema stika itakuwa na maua pembeni na maneno "Hongera kwa kipaimara chako", na kwamba hataki mtu aone mwandiko wako wa sasa akuhurumie. Anasema, "Mama alikuwa anaandika ubaoni mpaka mwalimu mkuu anakuja kuangalia. Tuache wamkumbuke hivyo." Ndugu yangu hana nia mbaya, Mama. Lakini nilipouliza ni nani hao watakaokumbuka, akasema ana kazi, tuzungumze baadaye.

Nikakaa tena na ile M na hiyo F yangu. Niligundua kwamba nibu niliichagulia karatasi na nikausahau mkono. Mkono wangu hautetemeki, kwa hiyo nikashika kalamu kwa mkono wa kushoto, ambao haujawahi kuandika chochote tangu unipige rula ya kuuzuia. Nikaandika jina la Adhiambo kwa F. Ncha nyembamba huandika kila kitu: kila mshtuko wa kidole ukaonekana, na nilipoogopa nikakandamiza, ikachimba karatasi. Nikaandika kwa M. Herufi zilikuwa kubwa na za kitoto, lakini ncha iliteleza bila kukwama, na mstari wenyewe, kwa kuwa ni mpana, ulifunika mitetemo midogo. Ile mikubwa ilionekana. Nakuambia hivyo kwa sababu ungeigundua mwenyewe.

Mama Kemunto alipita na ndoo akaniona.

"Sasa umehamia kushoto? Na habari za kesho ataandika nani?"

Basi nikawa na nibu inayoukubali mkono wako na kuharibu Biblia, na nyingine inayoikubali Biblia na kukataa mkono wako. Nikaiacha moja ya zile karatasi mbili za Mama Kemunto kwenye kigoda karibu na jiko, nikapika chai, nikanywa. Niliporudi ilikuwa imejikunja kidogo na inalia ukiigusa, kama noti mpya. Nikaandika tena kwa M, kwa mkono mwepesi, herufi kubwa. Wino ukakaa. Nikageuza: kivuli kidogo tu, hakuna neno lililotokea. Nikaandika kwenye ile ya pili iliyokuwa kabatini, wino ukasambaa kama mwanzo. Nikarudia leo asubuhi, ikawa vilevile.

Ni Nyamira, Mama. Huku karatasi inakunywa mvua kabla ya kunywa wino. Biblia ile imekaa katika nyumba yenye ukungu tangu mwenyewe alipoolewa. Nilikuwa nimeipima kalamu ya kutumika kwetu, ambako jua la ziwani linakausha visamaki vya omena kabla mtu hajamaliza kuvianika, katika mahali ambapo sweta haikauki. Sisemi kwamba ni hakika. Nimeona mara mbili tu, na kwa karatasi ya Biblia nyingine. Nasema inafaa kujaribiwa huko.

Mpaka hapa nimeandika barua hii kwa nibu ya F. Kuanzia aya hii ni M. Linganisha mwenyewe, na utaona pia hasara yake: tumbo la herufi a na e linaziba nikiandika kwa udogo wangu wa kawaida. Kwa hiyo itakubidi uandike makubwa, kama ulivyokuwa ukiandika ubaoni kwa watoto wa darasa la kwanza. Sentensi ikiwa ndefu, anza juu kabisa. Shika kalamu mbali kidogo na ncha, uilaze, kiwiko kikae mezani, na usikandamize. Biro ndiyo iliyotuzoesha kukandamiza. Ukiona inakwaruza, nibu imegeuka ubavu. Izungushe kidogo mpaka inyamaze. Fanya kazi hiyo adhuhuri, wakati vidole vimelegea na karatasi imekauka. Ukishaandika usifunike kitabu upesi.

Kuhusu kutetemeka, nibu haitakuondolea. Lakini nilifikiri kuhusu hao watu ambao Okoth anawaogopea. Sisi watoto wako tunaujua mwandiko wa ubaoni. Adhiambo hajawahi kuuona. Tangu ajue kusoma, mkono anaoujua kuwa wa Dani wake ni huu unaotetemeka. Ukimpa mwandiko mwingine, hata kama ni mzuri, ataamini ni wa mtu mwingine.

Kama baada ya kujaribu bado unasema stika, itakuwa stika, na sitakubishia wala sitamwambia Okoth neno. Ninachoomba ni kwamba uamuzi ufuate kalamu hii. Ile ya kwanza niliichagua vibaya, na si haki ikufungie mlango.

Kalamu ya M inakuja na barua hii kwa mkono wa Mwalimu Apiyo, yule wa kwetu anayefundisha huku. Anasafiri kesho kumwona mamake. Wino umo ndani tayari. Usiitikise, na ukiiweka ikae ncha juu. Ile ya F mpe Anyango. Mkono wake ni mzima, na hana tena kisingizio cha kutoniandikia.

Mwambie Anyango pia kwamba nimesikia alivyosema kuhusu kuku aliyenyeshewa, na kwamba sijacheka. Nisalimie Adhiambo, umwambie asiulize tena sentensi, asubiri. Msalimie kaka yangu Okoth na mkewe, na mwambie hasira hakuna. Majani ya chai aliyoniagiza nitamletea. Jirani yako mwenye mbuzi wanaokula kamba ya nguo, msalimie yeye na mbuzi. Mama Kemunto anakusalimu, ingawa hamjuani. Amesema nikuambie kwamba yeye hutetemeka pia, na chai yake bado inachumwa.

Mistari yako myekundu ya mwalimu, ya kunisahihisha makosa kwenye barua hii, naisubiri. Safari hii isipokuwa myekundu bali ya wino wa kalamu hiyo ya M, nitajua umeijaribu.

Okoth anakwenda mjini kuchapisha Jumamosi asubuhi, na ibada ni Jumapili. Mimi nitafika nyumbani Ijumaa kabla ya chakula cha mchana. Biblia ninakuja nayo, nimeifunga kwa karatasi ya nailoni isipate mvua ya huku. Tutaiweka wazi juani kwenye kibaraza. Ina kurasa mbili tupu: wa mwisho ni wa kujaribia, na wa kwanza ni wako.

Mwanao anayekupenda,
Odhiambo.