Mkwe Kwenye Chumba cha Unga

Jumatatu, 10 Juni 1996

Jana posa ya Elias ilikubaliwa nyumbani kwa Mama Esteria. Leo kiwanda chetu cha mikate kimeingiwa na wazimu. Kiwanda! Chumba kimoja na tanuri la udongo, lakini baba mdogo Cletus anakiita hivyo, nami ndiye msimamizi wake.

Mama Esteria anakanda unga. Elias anaupanga kwenye makopo. Sasa anamwoa Aneth, binti wa huyo mama, kwa hiyo mkwe na mama mkwe hawaruhusiwi kuonana. Juzi walikula muhogo kwenye sinia moja.

Mzee Maduhu wa tanuri ametundika khanga katikati ya chumba. Nikasema haya ni mambo ya kizamani. Kutwa nzima nimepitisha madonge ya unga kutoka upande huu kwenda ule. Kidato cha sita — kumbe nilisomea kuwa dirisha.

Jumatano, 12 Juni

Mkwe anatakiwa akohoe, mama apate nafasi ya kupisha. Elias hakohoi. Anainua khanga akipiga mluzi, na mwanamke wa umri wa kumzaa anajifunika kichwa na kukimbilia nje kwenye kuni, mikono imejaa unga. Leo alijikwaa. Elias akacheka, mdomo umefungwa. Kinyaa.

Nikamwambia akohoe.

"Dada, kifua changu kizima. Nikohoe nini?"

Ni heshima, nikasema.

"Si wewe uliyesema mambo ya kizamani?"

Alhamisi, 13 Juni

Maduhu anaona Mama Esteria arudi nyumbani tu.

"Binti, mkwe hafukuzwi. Anayepisha ni mama."

Atakula nini, nikauliza. Mumewe alishakufa.

"Si mkwe yupo? Atamlisha."

Akatema mate kwenye majivu, pembeni ya skonzi zinazopoa. Yale mate na yale maneno — sijui kipi kilinichefua zaidi.

Elias akadakia nyuma ya khanga: dada yake yuko Kakese, hana kazi, na anajua kukanda. Ana mikono ya nguvu.

Kumbe.

Ijumaa, 14 Juni

Baba mdogo amepita akitokea Sitalike. Hata kwenye pikipiki hakushuka. Anataka amani. Mmoja aondoke, nichague mimi, mwisho kesho. "Wewe ndiye msomi." Wananiita msomi wakitaka nishike uchafu kwa niaba yao.

Mama Esteria alikuwa nje anaosha masinia, akasikia yote. Baadaye akaniambia, polepole: "Mwanangu, nikikaa nyumbani nitakula kwa mkwe. Siku akimpiga Aneth, nitasema kwa mdomo upi? Huo anaoulisha?"

Nilijichukia.

Jumamosi, 15 Juni

Nimekaa juu ya gunia la unga. Kazi imesimama.

Elias aliinua khanga, mluzi mdomoni. Nikasubiri zile mbio. Mama Esteria hakukimbia. Hakujifunika. Aliendelea kukanda, kisha akamtazama usoni.

"Mkwe, lete maji."

Mluzi ukakatika. Yule hodari wa kucheka alivuta fulana, akaziba uso, akatoka mbio na kujigonga kwenye kizingiti. Bado yuko nje.

Maduhu akaweka chini mti wake wa kutolea mikate. "Mama huyu amejivua nguo mbele ya mkwewe. Binti, mtoe, au natoka mimi." Kasimama mlangoni, ananingoja. Mikate ya kwanza inanuka kuungua.

Na mimi? Mimi niliyewacheka wote? Mama Esteria alipomtuma mkwewe maji nilitazama chini, mwili mzima ukaniwaka aibu, kama kweli kuna mtu amevuliwa nguo humu ndani. Kinyaa hiki sasa ni changu mwenyewe. Naandika ili nisiinue macho.

Unga unamkaukia Mama Esteria mikononi. Hajaondoka. Amerudia, kwa sauti ileile: maji. Safari hii hakumtaja mkwe.

Ndoo ya maji iko hapa, mguuni kwangu.