Maikrowevu ya Gari la Kulala

Kitale,
Jumapili, 17 Agosti 2025.

Kwako Kaka Kiptum,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na wifi Jepchirchir, na Mama hapo nyumbani. Natumaini mvua ya juzi haikulaza mahindi yenu huko Kapsokwony, na kwamba Mama anameza dawa ya magoti bila kugombana na mtu. Sisi tuko wazima. Kibe anakusalimu, ndiye atakayekupa barua hii akija kuchukua viazi Jumanne. Najua utauliza kwa nini mume wangu anabebeshwa barua na mimi nina simu. Vumilia, utajua.

Lile gari letu la kulala, ulilolicheka ukisema tumenunua nyumba isiyo na shamba, sasa linatupa kazi. Watu wanalikodi, Kibe anawaendesha, mimi nafua shuka na kuhakikisha vyombo vyote vinafanya kazi. Mwezi huu tulipata wageni wawili kutoka Nyeri, Mwalimu Kabura na mumewe, Mzee Munene. Mzee alifundisha Saboti kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Mapafu yake yamechoka, anapumua kwa mtungi wa oksijeni, na alitaka kuiona Saboti tena kwa siku tatu tu. Kwa sababu ya oksijeni, daktari alikataza moto wowote karibu naye, kwa hivyo jiko la gesi lisingewashwa ndani ya gari. Uji na supu yake vingepashwa kwenye maikrowevu. Mwalimu Kabura aliniuliza swali moja tu kabla ya kukubali: hiyo maikrowevu inafanya kazi? Nikamwambia ndiyo.

Jumatatu Kibe akarudi na gari kutoka mlimani, kwenye zile barabara za mawe, na maikrowevu ilikuwa imekufa. Hakuna taa, hakuna mlio. Wageni walikuwa waondoke Alhamisi. Fundi mmoja hapa mjini alichungulia, akasema kwa kuwa imejengewa ndani ya kabati, tumwachie gari wiki mbili. Nikampigia Mwalimu Kabura kumwomba tuahirishe. Akaniambia, "Mwanangu, mimi sina hakika na wiki ijayo." Nikamwambia basi, waje Alhamisi.

Kaka, nilishika simu mara mbili nikupigie, maana hakuna anayejua vitu hivi kuliko wewe. Mara mbili nikairudisha mfukoni. Nikamwambia Kibe nitaitengeneza mwenyewe. Alinitazama kama mtu aliyesikia vibaya. Hajui kwamba nikiwa mdogo nilikaa kando ya meza yako kila likizo nikikupokeza bisibisi.

Nilianza na umeme. Lile gari lina njia mbili: waya unaoingia kutoka nje, na betri za ndani zenye kifaa kinachogeuza umeme wake uwe kama wa nyumbani. Mtu anaweza kuchomoa waya wa nje akadhani amemaliza. Nilizima zote mbili. Nyaya za betri nilizifungua kabisa, plagi ya maikrowevu nikaichomoa, na ule waya wa nje nikampa Kibe aende akae nao chini ya mparachichi. Akaniuliza, ati, anaulinda usiibwe? Nikamwambia asiuachilie hata akiitwa na mama yake. Akacheka. Mimi sikucheka.

Nikafungua fremu, tukaivuta maikrowevu kutoka kabatini, Kibe akiwa na ule waya shingoni. Nikatoa kifuniko. Ndani kuna kapasita, ule mkebe wa bati unaoweka umeme hata baada ya plagi kutoka, na hiyo ndiyo inayoua mafundi. Nilingoja zaidi ya nusu saa, kisha nikaimaliza umeme wake kwa njia uliyonifundisha, mkono mmoja ukiwa nyuma ya mgongo. Haikutoa hata cheche. Hata hivyo nilitoka nje nikakaa kwenye nyasi kabla ya kuendelea.

Kasoro yenyewe ilikuwa ndogo. Mtikiso wa barabara ulikuwa umelegeza kishikilio cha zile swichi za mlango, moja ikaungua, fyuzi nayo ikakatika. Fyuzi nilipata hapa Kitale. Swichi sikupata. Nikaelekezwa kwa fundi mmoja Bungoma anayefungua maikrowevu zilizokufa na kuuza vipuri, na Jumatano asubuhi nikaenda. Kumbe ni Mukhisa, yule uliyejifunza naye kazi! Amenenepa, ana mvi, lakini sauti ni ile ile. Alipojua mimi ni nani, alinipa swichi tatu badala ya moja, akanikalisha, akauliza habari ya mkono wako.

Nikamwambia vile vidole viwili havikujikunja tena, kwamba uliacha ufundi na sasa unalima. Akatikisa kichwa. Akasema, "Mimi mpaka leo sielewi, bana. Kiptum hakuwa mtu wa kusahau plagi. Nilipomtembelea hospitali aliniapia ameitoa. Halafu siku nyingine akaniambia labda kichwa chake hakiko sawa, na mtu wa kichwa kama hicho asishike umeme." Hayo maneno ya mwisho sikuwahi kuyasikia, Kaka. Uliyasema kwa Mukhisa, nyumbani hukuyasema.

Nilirudi Kitale. Niliweka swichi mpya, nikakaza kishikilio, nikahakikisha mlango unafunga sawasawa, kisha tukairudisha kabatini na kuunganisha umeme. Nikaweka kikombe cha maji kwa dakika mbili. Kikatoka kinafuka mvuke, Kibe akapiga makofi peke yake. Alhamisi wageni wakaondoka. Mzee Munene alikaa siku zote tatu karibu na ile shule yake, akanywa uji wake moto, na Ijumaa mwanafunzi wake mmoja wa zamani, sasa mama mwenye wajukuu, alimletea maziwa ya mgando. Walirudi jana. Mzee alinishika mkono akasema asante, na alipumzika kwanza ndipo akaimalizia hiyo asante.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Kwa simu ungenikatiza, au ningelia nikakata.

Siku ile ya 2003 nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Ulikuwa unatengeneza televisheni ya mchungaji. Ukaitwa nje, na kabla ya kutoka ukachomoa plagi yake ukaiweka juu ya meza. Mimi niliingia na pasi ninyooshe nguo yangu ya kwaya. Plagi zote mbili zilikuwa nyeusi. Nikachomeka moja, pasi haikupata moto, nikachomeka ya pili kwenye tundu la kando, ikapata. Sikufikiri ile ya kwanza ilikuwa ya nini. Niliinyoosha nguo, nikachomoa plagi ya pasi tu, nikaenda. Ulirudi ukatia mkono ndani ya televisheni.

Watu walipokimbia na kuiona plagi kwenye soketi, kila mmoja alisema Kiptum amesahau. Baba alisema. Hata Mama alisema. Nilisimama mlangoni na ile nguo mkononi, nikanyamaza. Mwanzoni niliogopa kuchapwa. Baadaye niliogopa kwa sababu nilikuwa nimenyamaza muda mrefu. Ni mimi, Kaka.

Nimemweleza Kibe jana. Mukhisa nimempigia leo baada ya kanisa. Mama nitamweleza mwenyewe, ana kwa ana, nikija Jumamosi. Tafadhali niachie hilo. Wewe usijilazimishe kunijibu. Ukitaka nisije, mwambie Kibe, nitaelewa.

Msalimie wifi sana, na watoto wote, na umwambie Mama nimempatia lile shali la sufu alilotaka. Mungu awalinde huko juu.

Na kichwa chako, Kaka, hakikuwa na kasoro yoyote. Plagi uliitoa. Nilikuwa kwenye ngazi ya mlango, nikakuona ukiitoa.

Ni mimi dada yako,
Chepkemoi