Nimeshikiza Vyote

Kamunyonge, Musoma

Dada yangu Yustina,

Shikamoo. Najua umeuona mzigo kabla ya kuifungua barua, na najua umeshaguna. Guna tu, lakini kwanza niambie, goti linaendeleaje na baridi ya huko Njombe? Na shemeji, kifua kimepoa? Mimi mwili ni mzima. Kilichobanwa ni moyo.

Siji, dada. Siku mtakayoweka msalaba kwenye kaburi la mama, mimi kitinda mimba wake sitakuwepo. Usiwasikilize watakaosema Festo amelowea ziwani. Nisikilize mimi.

Nilikwambia habari za nyumba ya Mama Nyangeta, yule muuguzi mstaafu, mtu wa Butiama. Yeye anataka akikaa sebuleni alione ziwa lote, nguzo hata moja isimzibe. Kwa hiyo ghorofa ya juu, watakapolala wajukuu zake watatu, inabebwa na boriti za chuma tu, na boriti zinashikwa na kuchomelea kwangu. Nilijivuna! Pale mtaani Nyasho nilikuwa napita kifua mbele.

Sasa sikia. Boriti tulizipandisha, nikazishikiza. Sisi wachomeleaji tukisema kushikiza, ni kupiga doti mbili tatu chuma kisicheze, halafu kuchomelea kwenyewe kunafuata. Jenereta ya mashine yangu ikafa, nikaenda Bunda kutafuta kipuri. Nikiwa huko akanipigia Marwa, msimamizi wetu, yule aliyenipokea nilipofika Musoma simjui mtu, nikala kwake miezi sita. Mtandao unakatakata. "Vipi vyuma?" Nikamjibu, "Nimeshikiza vyote." Yeye akasikia vimeshika vyote! Nilivyorudi kesho yake asubuhi, zege limeshamwagwa juu, vibarua wanaosha makoleo, Marwa ananichekea.

Ningesema "bado", dada. Neno moja tu, bado. Mdomo wangu huu!

Viungo vya chini nilivichomelea nimelala chali katikati ya mirunda inayoegemeza zege, cheche zinaniingia shingoni. Vya juu vimezama ndani ya zege, mkono haufiki. Siku mirunda ikitolewa, ghorofa nzima itategemea doti zangu za huko juu. Nikamwambia Marwa tuvunje. Akanivuta pembeni. "Festo, mimi huwa siharibugi kazi ya mtu, na wewe usiniharibie yangu. Ukisema, nimekwisha mji huu. Nyamaza, itakaa tu."

Nikinyamaza, naua watoto. Nikisema, namzika mtu aliyenilisha. Na nikipanda basi kuja kwenu, mirunda itatolewa kabla sijafika hata Singida. Wiki mbili nikazunguka na siri hiyo. Siku moja wajukuu wakaja kuchagua vyumba. Yule mdogo akawa anarukaruka kule juu, anapima chumba chake kwa miguu, na mimi chini nimekumbatia mrunda kwa mikono miwili, mjinga mimi, utadhani ningeweza kuzuia kitu. Nililia, dada. Nasema ukweli.

Jumamosi nikaenda kwa Mama Nyangeta, nikamkuta anachambua dagaa. Nikamwambia yote. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Kumbe ulikuwaga unajua, na watoto wangu wanaruka kule?"

"Nilijua, mama."

Akamaliza kuchambua ungo mzima. Halafu akasema, "Basi Njombe hauendi. Utavunja na mikono yako, utajenga upya, na kitanda cha kwanza kule juu kitakuwa chako, ulale wewe kabla ya wajukuu wangu." Begi langu nililokuwa nimeshalifunga kwa safari amelichukua, liko chini ya kitanda chake.

Kwa hiyo tunavunja. Marwa hakufukuzwa, tunagonga zege moja, nyundo yangu na yake, ila hanisemeshi. Mchana anaenda kula peke yake. Hilo linanibana kuliko begi.

Nisalimie shemeji. Mama mdogo Sesilia, aliyemwogesha mama mpaka siku ya mwisho, mpigie magoti kwa niaba yangu. Binti yako Neema mwambie mjomba hajamsahau. Katekista naye mwombe anitaje kwenye sala ya siku hiyo, maana mama angeniulizia.

Msalaba uliomo kwenye mzigo niliutengeneza Jumapili baada ya misa. Watu watasema fundi gani huyu, maungio yana mabonge, hata hakusugua. Waache waseme. Nimeyaacha makusudi, wewe uyapapase kwa vidole vyako. Huo sikuushikiza, dada. Nimeuchomelea pande zote.

Ni mimi mdogo wako uliyenibeba,
Festo