Maji Aliyojimwagia Tajiri Wangu

Mjukuu wangu Paskalina,

Marahaba. Bibi yako mzima, ng'ombe kazaa jike, na maharage ya hapa Maretadu yamekubali. Unauliza, kwa utafiti wako wa chuo, kama Wahindi wa Mbulu mjini walitudharau. Umemuuliza bingwa, darasa langu la nne linawatosha maprofesa wako.

Ujanani nilibeba magunia dukani kwa tajiri mmoja Mhindi. Baba yangu alipofariki, tajiri alifunga duka, akaja mazishini, akalia. Nikamsindikiza kwake. Kabla ya kuingia ndani akajimwagia maji uani, na nguo zake mwilini.

Nikamwambia, "Kumbe sisi ni uchafu?" Nikaondoka bila kungoja jibu. Sikurudi kazini, na miaka yote nimesimulia dharau ile.

Juzi nilimsomea bibi yako barua hii ilipofika hapo, akacheka. "Mzee wewe, na mama yako je? Msiba ule ule alikaa miezi hampi mtu mkono, anakula kwenye bakuli lake peke yake, ndiyo mila yetu, mfiwa asiwapitishie wengine kifo. Nani alimdharau?"

Sasa sijui. Labda aliosha kifo, si sisi. Tajiri alishahama, nami sikumuuliza sababu. Waulize wazee wao huko uliko, ukianza na shikamoo. Kwenye utafiti andika kwamba babu hajui, ila jina langu usiliweke.

Babu yako