Pijo 403 na Kuku Aliyeatamia

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini wewe ndiye uliyenikataza kuanza maneno na mkubwa kabla ya kumwamkia. Nakuandikia kwa sababu ya lile gari lako. Kuna jambo limenikaa kooni.

Unakumbuka ulivyolileta toka Iguguno, juu ya lori? Shelui nzima ilitoka kukucheka. Mzee mzima, umestaafu udereva, badala ya kutafuta landrova kuukuu yenye spea kila mji, au hata Pijo 404 kama wenzako, ukaenda kuokota 403 iliyolaliwa na mbuzi! Mimi mwanao nilicheka kuliko wote. Ukanijibu, "Landrova ina ndugu kila kijiji, Neema. Hii haina mtu."

Kumbe ulinificha. Mama ndiye aliyeniambia, msibani kwako: siku ya harusi ulimchukua kwao Kiomboi kwa 403 ya kuazima. Ulitaka kumrudisha kuwasalimia ndugu zake kwa gari la namna ile ile. Baba, kwa nini hukusema?

Miaka miwili uliihangaikia. Ikabaki sakafu ya nyuma tu, imeliwa na kutu, na wewe hukutaka kuiwasha nusunusu. Mimi nilikuwa nimemwatamisha kuku wangu kwenye kiti cha nyuma, kicheche asimfikie. Ulipoleta mashine ya kuchomelea nikakupigia kelele, "Subiri atotoe! Gari haiozi kwa wiki tatu." Ukacheka, ukasema siku hizi kuku ana sauti kuliko mwenye nyumba. Ukasubiri.

Siku ya kumi na nane ukaanguka mlangoni. Kiomboi ulifika kweli, ila hospitali, kwa gari la watu, na hukurudi ukiwa hai.

Vifaranga wakatoka msiba bado umejaa. Kumi na mmoja. Shangazi akasema ni baraka. Mimi nilitamani kuwakanyaga, Mungu anisamehe. Ningehamisha yale mayai, Baba! Ilikuwa kazi ya dakika tano.

Baba Mdogo alipoleta watu wa chuma chakavu, nilisimama mbele ya boneti na mdomo wangu huu unaoujua. Wakaondoka.

Jana fundi alimaliza sakafu. Nikakaa kwenye usukani, nikawasha. Ikakohoa mara mbili, ikashika. Mama alikuwa jikoni. Akatoka mbio, mikono imejaa unga, anaita, "Baba Neema! Baba Neema!" Akafika dirishani. Akaona ni mimi.

Sikujua pa kuuweka uso wangu. Nilizima gari, tukakaa pale chini tukalia, yeye ananifuta machozi kwa mikono ile ile ya unga.

Nisamehe, Baba. Jumapili nampeleka kwao. Tutalia njia nzima, najua, lakini nitamfikisha. Pumzika.

Mwanao,
Neema